Besi wa Darasa la Tano

Jumapili, 2 Machi 1975

Tumeshindwa tena! Kwaya ya Anselme wa Nateete imetuzima kwa sauti ya binti mmoja mnene wa mwenye bucha. Padri amesema tukishindwa tena mashindano ya Krismasi, kwaya yetu ya Bukoto nayo atampa Anselme. Mimi Khisa, niliyeianzisha! Nikamtazama mwanangu Makokha, mwimbaji wetu wa sauti ya kwanza, ile ya juu. Miaka kumi, mbavu nje. Kasoro nimeiona. Mjini sukari inatafutwa kwa tochi, lakini mimi, mtunza stoo wa kiwanda cha mikate, sikosi. Kuanzia kesho ni maandazi, siagi na chai ya vijiko sita.

Jumamosi, 19 Julai

Makokha amenenepa. Vifungo vya shati vimekata tamaa. Majirani wananiamkia kwa adabu. Siku hizi baba wa mtoto mnene ni mtu mzito. Mke wangu Rosebella anasema mtoto hapandi ngazi bila kuhema. Wivu.

Jumanne, 25 Novemba

Balaa! Kwenye mazoezi Makokha alianza juu, akaangukia kwenye besi. Na kivuli juu ya mdomo. Muuguzi Séraphine, Mkongomani wa sauti ya pili, amesema mtoto akilishwa mafuta na sukari hadi anenepe hivi, balehe inaweza kumjia kabla ya wakati. Si kila mtoto, lakini hutokea. Nipunguze, arudi kucheza. Nimemwambia ni mafua.

Makokha amelia njia nzima. Wenzake wanamwita mzee. Iliniuma kweli. Nikamnunulia keki.

Jumapili, 14 Desemba

Siku ya mashindano. Kwenye kizuizi cha barabarani askari akatushusha garini, akamkazia macho Makokha.

"Wewe mutu mukubwa, tikiti ya kodi iko wapi?"

Nikaeleza ni mtoto wa darasa la tano, kodi ya kichwa ni ya wanaume wazima. Askari akataka ajibu mwenyewe.

"Mimi mtoto, afande," akasema Makokha, kwa besi.

Akaamriwa apande lori la wasiolipa kodi. Nilipiga magoti vumbini. Sijawahi kuogopa vile. Rosebella akatoa cheti cha ubatizo cha mtoto, askari akasoma mwaka wa kuzaliwa, akamshusha. Anatembea nacho tangu Oktoba, hakuniambia. Tulipofika, Anselme alikuwa ameshabeba kombe.

Jumatatu, 15 Desemba

Padri ameniita. Nikajua nimekwisha. Kumbe jana alimsikia Makokha akiitikia Amina kwenye sala ya kufunga. Bukoto haijawahi kuwa na besi! Kwaya nabaki nayo hadi Pasaka, ila anataka besi wa pili. Nimemwambia hilo ni suala la siagi tu.

Jirani yetu Emérence ana mtoto, Jean-Pierre. Miaka saba, mwembamba. Jioni hii amemaliza maandazi matano.