Ziwa la Sir Ambrose

Gari la barua lilipita na habari moto: Bunge limevunjwa, uchaguzi uko mlangoni! Kilabuni kwa mjane Tabitha kila mtu akapiga meza, isipokuwa Obadiah fundi viatu, tunayemwita Kisigino. Yeye alikuwa ameinamia bia yake kama mfiwa.

"Changamka, kaka!" Wigi, kinyozi wetu, akamsukuma bega. "Uchaguzi huu! Nyama ya bure, bia ya bure!"

"Kula wewe. Mimi Jumatatu nabomolewa nyumba. Sir Ambrose anataka ziwa lake lifike mpaka kwenye ule mti wa mwaloni. Jikoni kwangu wataogelea bata."

Tabitha akabetua mdomo. "Na huyo ndiye mbunge wetu! Miaka yote Bungeni hajafungua kinywa ila kupiga miayo. Kinachomkera duniani ni nguo za watu zikianikwa mbele ya dirisha lake."

"Mtaa mzima kaufuta," Kisigino akasema. "Watu waliompigia kura tangu enzi za baba yake, kawatupa parokia ya jirani, kajaza maji. Nimebaki peke yangu. Jioni nikitoka kusalimia jirani, naitikiwa na bata. Inaniuma, jamani."

Iliniuma na mimi. Dada yangu alikuwa mmoja wa waliohamishwa.

Mara Wigi akaacha kikombe hewani. "Ngoja kwanza. Hapa kwetu nani anapiga kura?"

"We vipi? Mwanamume mwenye jiko lake humu humu parokiani," nikamjibu. "Siku ya kura unabandika sufuria, watu wanakuja kuchungulia. Ikichemka, unapiga."

"Na jiko likivunjwa?"

"Basi huna..." Sikumaliza. Bia ilinitokea puani.

"Mungu wangu!" Tabitha akashika kiuno. "Kabomoa wapigakura wake mwenyewe! Kawaacha wa ng'ambo ya mto, wanaomchukia kama ukoma, kisa hawamzibii dirisha!"

"Kalikoroga, alinywe!" Wigi akapiga ukelele.

Hatujamaliza kucheka, mlango ukasukumwa. Bwana Crouch, msimamizi wa shamba la Sir Ambrose, aliingia bila kofia, jasho linamtiririka.

"Obadiah, ndugu yangu mpenzi!"

"Leo ndugu?" Wigi akadakia. "Juzi si ulimwita kupe?"

Crouch akajifanya hakusikia. "Jumatatu mafundi hawaji. Nyumba ni yako mpaka kufa. Sir Ambrose ameapa mbele ya kasisi. Ila siku ya kura, nakusihi, bandika sufuria mapema, asije akakosa hata kura moja."

Kisigino alifuta macho kwa aproni. Nilijua ameshika alichokuwa akikililia, nikajua pia kwamba angetikisa kichwa kukubali tu, yangeisha. Hakutikisa.

"Namshukuru. Na majirani zangu?"

"Wamefanyaje?"

"Warudi, kila mtu na jiko lake. Wakirudi, nabandika. Wasiporudi, siku hiyo nitakula mkate na jibini, jiko baridi."

"Unataka kurudi kubomolewa, wewe?"

"Bomoa. Kura yangu nayo mtaitia majini na zile nyingine."

Crouch akakaribia kulia. "Mtu wangu, watarudi wapi? Mtaa uko chini ya maji! Kura zetu zote zimo ziwani!"

Kisigino akanyanyua kikombe chake, akanywa taratibu kwa mara ya kwanza jioni ile.

"Basi mpe Sir Ambrose ndoana."