Mkwe Niliyemtafuta Kitabuni

Jumatatu, 3 Juni

Nimemaliza kitabu cha joka. Kina jina refu lisiloingia mdomoni, mimi nakiita Joka. Mbele wamechora ramani ya nchi isiyokuwepo, na bado nilipotea kabla ya sura ya pili. Binti ni yatima. Yatima wa vitabuni wote wana nywele nzuri, sijui nani huwasuka. Anapendwa na wanaume wawili. Wa kwanza ni mwanamfalme wa giza, ana miaka mia sita na bado anakaa kwa baba yake. Wa pili ni mhunzi, mtu wa kufua panga, hana maneno mengi, ana mikono. Binti anamchukua nani? Mwanamfalme. Nimesoma kitabu kizima, nimeunguza sufuria mbili, ili mtoto wa watu achague mwanamume ambaye kazi yake ni kusimama dirishani.

Mimi darasa la nne nilitolewa nikalee wadogo zangu. Lakini kusoma najua, na mjinga namtambua hata akivaa taji.

Saluni habari si nzuri. Msusi kaniambia shangazi yake amemletea mchumba, mhasibu, wa mji wa mbali. Jibu linatakiwa Jumapili. Akikubali anafunga saluni, anahama. Nikamuuliza kama anampenda. Akasema amemwona kwenye picha, ana tai. Nikamwambia hata mbuzi akifungwa tai atapendeza. Akacheka, lakini kicheko cha mtu aliyechoka kukaa peke yake.

Sasa mimi nina mambo mawili. La kwanza, Msusi nimemweka akilini siku nyingi kwa ajili ya Kitindamimba wangu, fundi friji, anayekaribia arobaini na bado ananiuliza soksi zake ziko wapi. Sijamwambia Msusi. Sijamwambia Kitindamimba pia, maana angekimbia. La pili, pale saluni ndipo ninapowasomea watu. Mwanamke akisukwa anainamisha kichwa tangu asubuhi, hawezi kushika kitabu. Basi mimi nakishika, nakaa kwenye kiti changu kando ya kioo, nasoma kwa sauti. Saluni ikifungwa nitamsomea nani, kuku?

Nimepata la kufanya. Wiki hii nawasomea Joka. Ila nitakisoma vizuri kuliko kilivyoandikwa.

Jumanne, 4 Juni

Nimeanza. Nieleze hapa kwamba kurekebisha vitabu si dhambi, ni huruma. Kile cha mwezi uliopita, cha tajiri na katibu wake, nilikifanyia kazi kubwa. Tajiri yule hafanyi kazi hata siku moja, anatazama mvua tu, halafu anamwambia binti kwamba hawezi kupendwa. Nilimpa viwanda viwili na mama mkali. Binti naye moyo ulikuwa unamwenda mbio kila akiguswa kiwiko. Nikampeleka hospitali akapimwe presha. Hakuna msikilizaji aliyelalamika. Aliyeinamisha kichwa haoni ukurasa.

Leo mwanamfalme wa giza nimemvalisha tai. Joka linapita juu linatema moto, yeye yuko kwenye kioo anakaza tai. Wanawake wamemchukia palepale. Mhunzi nimempeleka kwenye jumba la barafu. Barafu inayeyuka, malkia analia, watu wamekata tamaa. Mhunzi anapiga magoti nyuma ya sanduku kubwa jeupe, anagusa waya mmoja, baridi inarudi. Hana maringo. Anaomba chai tu.

Nikasikia sauti kisogoni kwangu. Inauliza huo waya uko mstari wa ngapi.

Mwalimu. Mwalimu mstaafu, aliyefundisha nusu ya mtaa na mpaka leo anamsahihisha mtu salamu. Alikuja kupaka rangi nywele. Nywele zake fupi, hainamishwi na mtu, ndiyo maana anazurura nyuma za watu akisoma mabegani mwao. Akawatangazia wateja kwamba anakijua kitabu hicho na hakina friji. Nikamwambia changu ni chapa mpya. Akasema chapa mpya haileti umeme kwenye nchi ya mazimwi.

Nikafungua ukurasa mwingine. Lakini kesho waya nautoa. Mhunzi atabaki mhunzi, na moto wake na cheche zake. Mwenye akili ataelewa. Fundi ni fundi.

Jumatano, 5 Juni

Mwalimu kaja tena, nywele hazina tatizo lolote, kakaa nyuma yangu kama msimamizi wa mtihani. Leo kanikosa. Sura ya mhunzi kiwandani nimesoma neno kwa neno, sikutia hata punje ya chumvi. Mwandishi huyu mambo ya mapenzi hayajui, lakini moto anauweza. Cheche zinaruka, jasho linatiririka, chuma kinalainika kama mkate kwenye chai. Mwalimu alikuwa anafuata kwa kidole hewani, akakosa pa kushika.

Msusi akasimama, chanuo juu. Akauliza kama wanaume wa hivyo bado wapo. Nikamwambia wapo, tena karibu kuliko unavyodhani, ni wewe tu hujainua macho.

Akainua macho. Akatazama nje mlangoni muda mrefu. Dalili njema.

Kilichonikera ni kelele. Mkabala na saluni yuko fundi wa kuchomelea, ametengeneza geti moja wiki nzima, chuma kinapiga kelele mpaka meno yanauma. Nilituma mtu amwambie anyamaze, watu wanasoma. Akaja mwenyewe, ile ngao yake ya uso ameisukuma juu ya kichwa, akaomba radhi kwa adabu, akasimama mlangoni kusikiliza mpaka mwisho wa sura. Nilimsamehe. Angalau kuna mtu mtaani anayethamini vitabu.

Nikiwa nyumbani nilimwambia Kitindamimba kesho avae shati la bluu. Akauliza kuna msiba wa nani.

Alhamisi, 6 Juni

Siku mbaya, na kosa si langu.

Mpango ulikuwa mzuri. Asubuhi Msusi alipotoka nje nilichomoa waya wa friji lake dogo la soda. Alipogundua soda zina joto nikasema, kama mtu aliyekumbuka tu, kwamba mwanangu ni fundi. Akaitwa. Akaja na fulana ya mafuta, shati la bluu ameliacha kitandani kwa sababu eti linambana. Akachungulia nyuma ya friji. Akasema kwa sauti kubwa, Mama, friji ni zima, kuna mtu amechomoa waya.

Saluni nzima ikanitazama. Nikasema huenda ni panya. Mwalimu akauliza ni panya wa aina gani anayechomoa waya, kisha anaukunja vizuri na kuufunga kwa uzi.

Nikamlazimisha Kitindamimba akae asikilize. Akakaa. Akala biskuti za wateja. Nikasoma mhunzi anavyomshika binti mkono, hapo nilitia chumvi kidogo, Mwalimu alikuwa chooni. Kitindamimba, mdomo umejaa, akauliza kwa nini natengeneza hivyo wakati binti anamchukua mwanamfalme.

Kumbe anasoma vitabu vyangu nikienda sokoni. Kumbe alilia pale mwanamfalme anapokata mabawa yake kwa ajili ya penzi. Mtoto niliyemzaa mwenyewe yuko upande wa mwanamfalme. Msusi akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia huyu akiwa na njaa huchanganya habari.

Alipoondoka nilimuuliza Msusi anamwonaje fundi friji. Akasema ni kijana mpole, anakula vizuri. Nikaiandika kuwa sifa.

Kingine. Msusi amehamisha kiti cha kusukia mpaka mlangoni, anasema huko kuna mwanga. Nimelazimika kuhamia naye, kelele za chuma masikioni. Na mguu wa sinki la kuoshea nywele umelegea, ameupeleka mwenyewe kwa yule fundi mkabala. Uliungwa jana. Leo umelegea tena. Mafundi wa siku hizi.

Ijumaa, 7 Juni

Leo ilikuwa sura ya mwisho. Mwalimu aliapa ataisoma yeye. Alikuja na miwani mbili. Akaning'ang'ania kitabu, nami nikakishika, tukavutana kama watoto wa chekechea mbele ya wateja. Akasema mimi naharibu fasihi. Nikamwambia fasihi iliharibika yenyewe, mimi naiokota.

Kisha nikapata akili. Nikamnong'oneza Msusi kwamba rangi ya Mwalimu haijashika vizuri nyuma, inahitaji joto. Msusi hapingi neno la mkubwa. Akamketisha, akamshushia draya. Ile kofia inanguruma kuliko joka. Mwalimu akawa anatazama tu, midomo inamcheza, hasikii hata neno.

Nikaozesha. Mwanamfalme amepaa na tai yake na hajaonekana tena. Mhunzi amemwambia binti kwamba hana jumba wala farasi, ana mikono na moto, na moto wake hauzimiki. Maneno hayo yangu mwenyewe, yalinijia tu. Wanawake walilia. Aliyekuwa anasukwa alilia kwa kuinama, machozi yakadondokea kwenye rasta. Msusi akajifuta kwa taulo la mteja. Akasema, Bibi, sasa nimeelewa. Jumapili nitamjibu shangazi yangu, nakuomba uwepo.

Nimerudi nyumbani natembea kama bibi harusi ni mimi. Nimetoa injini za friji chini ya kitanda cha Kitindamimba. Mkwe wangu hatalala juu ya vyuma. Kitindamimba akaniuliza ni nani anahamia. Nikamwambia afanye usafi, asiulize maswali.

Jumapili, 9 Juni

Naandika kalamu inatoboa karatasi, ila si kwa huzuni. Ni hasira.

Nilivaa gauni la sherehe. Kitindamimba nilimvalisha shati la bluu kwa nguvu, nikamwambia twende tukaangalie friji. Shangazi wa Msusi yupo, amekaa wima na picha ya mhasibu mkobani. Mwalimu yupo, nani alimwita sijui. Msusi akasimama katikati ya saluni. Akamwambia shangazi yake kwa heshima zote kwamba mhasibu hamtaki. Hataki kuhama. Amepata mtu hapahapa, mtu wa kazi, asiye na maneno mengi, mwenye mikono.

Nikamsukuma Kitindamimba mbele.

Pazia la nyuma likafunguka, akatoka mwanamume amenyoa, uso umeoshwa. Sikumjua. Nimemzoea na ile ngao kichwani. Yule wa geti. Kumbe geti la wiki nzima halikuwa na mteja, alikuwa analiunga na kulikata tena ili abaki pale mlangoni.

Msusi akanishika mikono miwili mbele ya shangazi yake. Akasema, asante Bibi, ni wewe uliyeniambia niinue macho. Nilipoyainua nikaona cheche. Shangazi akanitolea macho ya kisu. Alidhani nimelipwa na fundi.

Ningefanya nini? Nikasema mpendane. Kitindamimba, amesimama katikati ya saluni nilipomsukuma, akauliza friji liko wapi.

Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta. Tulipotoka akanisogelea, akaninong'oneza kwamba mhunzi wangu ni bora kuliko mwanamfalme wa mwandishi. Nikaharakisha hatua. Mtu huyu ukimpa shukrani leo, kesho anakusahihisha nayo.

Saluni haifungwi, kiti changu kipo. Lakini mkwe sina. Kitindamimba amemaliza chakula, amerudisha injini zote chini ya kitanda, ameimba wakati anazirudisha.

Jumanne, 11 Juni

Nimetafakari siku mbili nikitafuta kosa liko wapi. Nimelipata. Kosa ni la mwandishi. Angemwandika fundi friji tangu mwanzo, haya yote yasingetokea. Na mimi nilikubali moto uingie. Moto unavutia watu wasiohusika.

Nimeanza kitabu kipya, cha nahodha na binti wa samaki. Upuuzi mtupu. Wanapendana tangu wanapoonana, halafu wananuniana sura kumi na mbili kwa jambo ambalo wangeulizana swali moja tu, kitabu kingeisha nikapika mapema. Binti ana mkia, nahodha anaona ajabu macho yake. Lakini bahari ni nzuri, ina samaki, na samaki wanahitaji kuhifadhiwa. Nahodha nimemshusha cheo. Sasa ndiye mtunza chumba cha baridi cha meli. Baridi tupu, hakuna cheche hata moja. Safari hii hakuna atakayemfananisha na mwingine.

Kitabu hicho nimekipeleka zahanati. Nilikwenda kupima presha nikamwona nesi wa chumba cha sindano. Ana mkono mwepesi, ana sauti nzuri, hana pete. Foleni ilikuwa ndefu, nikafungua kitabu nikawasomea watu wa benchi. Nesi akaacha mlango wazi ili asikie. Nilipofika pale mtunza baridi anampa binti kipande cha barafu kwenye joto la mchana, nesi aliweka shavu mkononi, akasahau kumwita mgonjwa.

Nikamwambia wanaume wa baridi wapo, tena karibu. Akatabasamu.

Na anapenda vitu vya baridi, nimeona mwenyewe. Alinunua aiskrimu mara mbili kwa yule muuzaji wa getini mwenye sanduku la bluu, na mara ya tatu muuzaji akamletea mpaka dirishani bila kuagizwa. Dalili njema kabisa. Kesho nampeleka Kitindamimba.