Begi Lenye Dirisha

Jumatatu, 4 Agosti

Sasa hivi Madina ameramba lenzi. Ameramba kabisa, pembe zote, kama sahani ya maziwa. Kisha akanitazama na kucheka kwa meno yake sita. Nikashindwa kugomba. Nikamfuta mdomo kwanza, halafu lenzi, kwa leso hiyohiyo. Sasa vyote viwili vina ukungu.

Kosa si lake. Ana mwaka mmoja na siku kumi, anajua nini? Kosa ni begi. Lenzi naibeba kwenye begi la pampasi, katikati ya chupa ya uji na kofia ya sufu. Kamera iko ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki. Flashi iko ndani ya soksi ya mume wangu Swaliki, na mwenyewe yuko safari ya lori, bado hajui. Ile stendi ya miguu mitatu naifunga kamba na kuibeba begani kama kuni. Dada Shamirah aliponiachia vifaa hivi akaenda kufanya kazi Dubai, begi aliondoka nalo. Eti la kuwekea nguo. Mungu amsamehe.

Na Jumamosi kuna harusi! Kijijini Kisoko, kwa kina Ofumbi. Bibi harusi, Dorah, ananitaka mimi. Ingekuwa harusi yangu ya kwanza peke yangu. Nikiipata hii, hakuna tena wa kuniita yule dada wa picha za pasipoti. Lakini mwenye kuamua ni shangazi yake, Athieno, na Alhamisi anataka kuwaona wapiga picha wawili. Mimi na Patroba.

Patroba! Yule wa upande wa Kenya. Ana begi jeusi, zipu tano, limejaa kama gunia la pamba. Akilishusha chini, watu wanasogea wampishe. Mimi nikitoa soksi, watu wanatazama pembeni. Ndani ya begi lile kuna nini? Amepangaje? Leo nimewaza habari hii mpaka uji ukashika chini ya sufuria.

Mpango: kufika Alhamisi niwe na begi la kumzima Patroba.

Jumanne, 5 Agosti

Jirani yangu Nerima, muuza samaki wa Majanji kule ziwani, kaniazima boksi lake la barafu. Wazo langu. Zuri sana, lina kuta nene. Nimeliosha kwa sabuni mara tatu. Nimeweka kamera. Nimetoa kamera. Nimerudisha boksi.

Kamera inanuka Majanji nzima.

Jumatano, 6 Agosti

Nimevuka mpaka hapa Busia kwenda kwa Lenox, muuza mabegi ya mitumba. Lenox anaweza kukuuzia kiatu kimoja na ukamshukuru. Akanipa begi la shule: lenzi ikabaki nje kuanzia shingoni. Begi la kompyuta: kamera ikakataa kuingia. Begi refu la kubebea sijui nini, fimbo labda: flashi ikazama, mkono haufiki, tukalipindua juu chini mbele ya wateja.

Kisha nikaliona. La kijivu. Kuta zina sponji, chini kuna kigodoro kabisa! Mpini juu, mkanda wa begani, na upande mmoja dirisha la wavu. Nikauliza dirisha la nini. Lenox bila kupepesa macho akasema la hewa, dada yangu, kamera kubwa hivyo lazima ipumue. Nikaona ana maana. Pembeni kuna alama ya kampuni: unyayo mdogo wenye vidole vinne. Kampuni hiyo siijui. Ya Ujapani labda. Ndani kulikuwa na nywele nyeupe, laini sana. Za brashi ya kufutia lenzi, bila shaka. Nimejiuliza mwenye begi alikuwa nani huko Ulaya. Mtaalamu mkubwa.

Vyote vimeingia. Vyote, isipokuwa stendi! Na pampasi mbili katikati visigongane. Nimetembea natingisha mabega.

Mpakani askari akanisimamisha. Akauliza paka yuko wapi. Nikasema paka gani? Akachungulia dirishani. Akasema kama nimebeba paka nitoe karatasi ya chanjo. Nikafungua, akaona kamera, akamwita mwenzake aje aone. Wakacheka hadi machozi. Mwenzake akasema mwache apite, ila asije akamkwaruza mtu. Haya. Watu wengine hawajaona vifaa vya kisasa.

Nyumbani nikageuka kidogo tu kuweka chai. Nikasikia mama mkwe anapiga kelele. Madina alikuwa ametoa kila kitu, ameingia yeye, ameketi kwenye kigodoro anachungulia kwa wavu. Mama mkwe akauliza tangu lini mjukuu wake anafungwa kwenye mtego wa panya. Nilitaka kumtoa mara moja, wallahi. Nikapiga picha moja kwanza. Macho mawili na vidole vinane kwenye wavu. Imetoka nzuri sana.

Alhamisi, 7 Agosti

Kisoko. Nimefika mapema, Madina mgongoni, begi begani. Patroba alikuwa amekwisha kaa kwenye kiti, na begi lake kwenye kiti cha pili. Begi lina kiti! Mimi nikapewa mkeka.

Nikamwuliza kwa upole, kaka Patroba, humo umepangaje vitu? Akasema hizo ni siri za kazi, Mama Madina. Nikauliza lenzi ngapi. Akatabasamu kama daktari.

Basi nikaja na mpango. Hakuna zipu inayomshinda Madina. Nikamweka chini, nikamgeuza uso upande wa lile begi la zipu, nikajifanya nasalimia watu.

Hapo akatokea mbwa. Sijui zile nywele za brashi au samaki wa Nerima. Akanusa begi langu, akalishika kwa mkanda, akalikokota hadi migombani. Nikakimbia. Shangazi Athieno akakimbia na mwiko mkononi, Patroba nyuma yake. Kamera salama, alhamdulillah, kigodoro kimefanya kazi yake, ila mkanda umekatika. Shangazi akaliinua begi, akaligeuza, akautazama ule unyayo. Akasema mbwa wangu hana kosa, binti yangu. Hili begi ni la paka.

Patroba alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema bibi harusi ajiandae, atapigwa picha na nyau.

Tuliporudi uani Madina alikuwa amemaliza kazi. Zipu zote tano. Ametoa mto. Mto wa kulalia, una maua! Kisha mto wa pili. Kisha sweta, kandambili, chapati mbili ndani ya gazeti. Na chini kabisa kamera moja, ukubwa wa kipande cha sabuni. Kicheko cha Patroba kikaisha chenyewe. Nikamwonea huruma, kweli. Kuzunguka na mito ile kwenye jua si kazi ndogo.

Shangazi akasema yeye hakuita mabegi, aliita wapiga picha, basi picha ziko wapi. Patroba akasema zake amezisahau nyumbani. Mimi nikawasha kamera. Madina anakula. Madina analia. Madina amelala. Madina na ulimi, karibu kabisa. Shangazi akauliza kama Busia nzima ina mtu mmoja tu. Nikatamani ardhi inimeze.

Kisha akafika kwenye ile ya wavu. Akamwita Dorah aje. Akasema, ona hayo macho. Siku unatoka nyumba hii nataka uonekane hivyo.

Nimepata! Nimepata harusi!

Akaongeza neno moja. Jumamosi nije na kamera shingoni na mtoto mgongoni. Begi niliache nyumbani. Patroba alipoondoka akamwachia Madina chapati. Si mtu mbaya.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeshona mkanda. Ule unyayo nimeufunika kwa kipande cha kitenge. Shangazi alisema niliache begi kwa sababu ni la paka. Sasa nani atajua?

Jumapili, 10 Agosti

Jana imekwenda vizuri! Picha mia nane na kitu. Kamera ilikaa shingoni kutwa, Madina mgongoni, akichoka anapokewa na bibi yake Dorah. Begi lilishinda chini ya meza ya soda. Mbwa alifungwa kwa heshima yake.

Asubuhi Dorah alisimama mlangoni, shela usoni, vidole kwenye wavu wa shela, anatazama nje kama hajawahi kuuona ule ua. Nikapiga. Shangazi alipoiona akalia kidogo, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na kuku. Jike, mweupe, wangu mimi.

Sasa kuku anasafirije mpaka Busia? Nikafungua begi. Akaingia mwenyewe! Akakaa kwenye kigodoro, akachungulia dirishani njia nzima kama mheshimiwa. Lenzi nikaiweka ubavuni mwake, nikatenga kwa pampasi. Mpaka sasa sijawatoa, wametulia.

Leo nimekaa nikafikiria yote, tangu boksi la barafu mpaka mbwa. Nimejifunza jambo moja kubwa. Begi ni dogo. Kuku na lenzi wanabanana. Bahati nzuri Lenox amenipigia simu. Ana jingine, kubwa mara mbili, lina magurudumu na madirisha mawili, moja la kamera na moja la lenzi. Nikamwuliza vizuri sana safari hii, nisidanganywe. Alama yake ni unyayo? Akaapa si unyayo, ni mfupa. Kampuni nyingine kabisa! Kesho navuka mapema kabla Patroba hajapata habari.

Mama mkwe ananiita. Nimemwambia asubiri, namalizia. Anasema hakuna kusubiri, kuku ametaga humohumo, Madina ameingia kulifuata yai, na sasa lenzi yote ime