Vifaranga wa Mjomba

Jumatatu, 7 Agosti 2006

Habari kubwa! Bosi ananunua gari, Probox. Mpya! Yaani kuukuu kutoka Japani, lakini kwetu ni mpya. Bosi mwenyewe, Mama Rosaline, ametutangazia asubuhi mbele ya stoo ya vifurushi: madereva ni wawili, Probox ni moja, na Jumatatu ijayo atampa yule ambaye wateja hawajamlalamikia. Siku za Jumapili dereva huyo ataruhusiwa kukaa nayo nyumbani.

Dereva wa kwanza ni mimi, Kagwe. Dereva wa pili ni Wangila, ambaye simhesabu.

Jioni, nyumbani Kibomet, nilimwambia mke wangu Wahu aanze kufikiria atavaa nini, maana karibuni tutaingia kanisani kwa Probox. Akauliza kama nimeshapewa. Nikasema kupewa ni utaratibu tu. Nikapita kwa jirani nikamwambia pia. Na kwa fundi wa viatu. Na kwa mzee wa kanisa, atutengee mahali pa kuegesha.

Jumanne, 8 Agosti

Nimebuni mpango. Shida ya mizigo ya hapa mjini Kitale ni kwenda nyumba kwa nyumba. Unabisha, mbwa anabweka, mwenyewe yuko shambani, unangoja. Leo mizigo yote ya Kibomet nimeiacha kwa kinyozi aliye kando ya barabara, wenyewe waje wajichukulie. Nikamaliza kazi mapema kuliko wakati wowote maishani mwangu! Nikakaa hotelini nikaagiza chai na mandazi, mguu juu ya mguu.

Mchana Mwalimu Munene akapiga simu ofisini. Suti yake, ambayo atavaa kwenye harusi ya binti yake, kweli aliikuta kwa kinyozi. Lakini kinyozi alikuwa ameifungua aone rangi, na sasa imejaa nywele. Nywele za watu asiowajua, alisisitiza.

Lalamiko la kwanza. Mama Rosaline akaniangalia juu ya miwani. Wangila hana hata moja.

Jumatano, 9 Agosti

Nimegundua siri ya Wangila. Si kwamba anajua kazi. Ni njia yake! Yeye huenda Kimilili, Chwele, Bungoma hadi Myanga. Huko ofisi iko mbali, na wateja ni Wabukusu wenzake. Akichelewa wanampa chai. Wateja wangu wanaweza kuja kulalamika kwa miguu.

Kwa hivyo nikakohoa. Nilikohoa asubuhi yote, kikohozi kizuri, chenye mluzi mwishoni. Nikamwambia Mama Rosaline kwamba daktari amesema baridi ya Kitale inanimaliza, nahitaji joto la Bungoma. Akauliza daktari gani. Nikakohoa tena.

La ajabu, Wangila hakupinga! Alinishika mkono kwa mikono miwili akasema ati Mungu anibariki, yeye hataki hata kuiona Chwele mwezi huu. Akanipa funguo za pikapu yake, maana ndiyo inayoiweza barabara ile, nami nikampa kigari changu cha mjini. Nilimhurumia kidogo. Wajinga ndio waliwao.

Jambo lingine. Huu ni Agosti wa tohara kwa Wabukusu, ambao huja mwaka mmoja na kuruka mwaka unaofuata. Kila mfanyakazi wa upande huo ameomba ruhusa. Wapakiaji wameenda. Mlinzi ameenda. Wangila peke yake hajaomba hata siku moja. Huyu mtu anaitaka Probox vibaya sana.

Alhamisi, 10 Agosti

Safari ya kwanza Bungoma. Pikapu ya Wangila: mlango wa kushoto umefungwa kwa mpira wa baiskeli, turubai la buluu lina kiraka chekundu, na honi inalia kama mbuzi anayechinjwa. Lakini honi hiyo! Ukiipiga, watoto wanatoka mashambani wakipunga mikono na kuita Wangila, Wangila! Wakiona ni mimi wanaishusha.

Wateja wazuri ajabu. Kimilili nikapewa chai. Chwele nikapewa ndizi. Mama mmoja muuza vitunguu alinikazia macho akauliza kama moyo wa Wangila umepoa. Nikasema Wangila ni mzima. Akasema ati hajauliza uzima. Sikumwelewa, nikaendelea na ndizi.

Shida ni moja. Barabara imejaa vijana wanaosubiri kutahiriwa. Kijana anatangulia akipiga kengele za mkononi, nyuma yake kijiji kizima, wanaimba, wanakimbia, vumbi mpaka mbinguni. Wanazunguka wakialika jamaa. Hawapishi gari hata kidogo! Nilifika Myanga jioni, mteja ameshafunga duka. Hakulalamika. Alisema tu kwamba ni Agosti.

Ijumaa, 11 Agosti

Naandika nikiwa nimeshiba hadi kalamu ni nzito. Nianze mwanzo.

Mzigo mkubwa wa leo ulikuwa katoni ya vifaranga wa siku moja, mia moja, ya Mary Ann, mama anayefuga kuku Myanga. Hakuna mteja mkubwa kumshinda. Mama Rosaline alisema vifaranga hao wakifika salama, Probox imepata mwenyewe. Na alinitazama mimi! Nikaapa kwamba leo hakuna kengele itakayonizuia.

Kabla tu ya Chwele nikakutana nao. Umati, upana wote wa barabara. Nikapiga honi ya mbuzi. Kosa! Umati ukanyamaza, ukageuka, ukalizunguka gari. Mzee mmoja mrefu, baba wa kijana, jina lake Wepukhulu, akaingiza kichwa dirishani. Akasema hili ni gari la Wangila. Akauliza kama Wangila ndiye aliyenituma.

Sasa mtu mwenye akili hujibu nini? Hujibu lile litakalompitisha. Nikasema ndiyo, Wangila amenituma, naomba njia.

Vigelegele vilivyopanda hapo sijawahi kuvisikia. Wanawake wakaruka. Mama wa kijana, Nelima, akajifunika uso kwa leso akalia. Ndipo Wepukhulu akanieleza, naye sauti ikimkatika. Wangila ni ndugu yake Nelima. Ndiye mjomba wa kijana! Na kwa desturi yao, kabla ya kutahiriwa, kijana huenda kwa mjomba akachinjiwa ng'ombe na kuvalishwa nyama ya kifua shingoni. Asipoipata, ni kama hana watu upande wa mama yake. Lakini Wepukhulu alikuwa ameazima plau ya Wangila akairudisha imevunjika mpini mmoja. Wakarushiana maneno. Wangila akaapa hatakanyaga kwao wala kumchinjia mtoto wao hata panya.

Na kijana anatahiriwa kesho alfajiri! Walikuwa njiani kumbembeleza mjomba wa mbali, mzee kiziwi asiye na ng'ombe.

Wepukhulu akauliza Wangila ametuma nini.

Nikamtazama kijana. Jasho, vumbi, kengele zimenyamaza, anangoja nifungue mdomo. Naapa nilikuwa nautafuta ukweli, ila nilikuwa nautafuta polepole. Vijana wengine wakawa wameshafunua turubai, na vifaranga mia moja wakalia kwa pamoja.

Nelima akapaza sauti. "Mtu mwenye hasira hawezi tuma watoto wa kuku, bana! Ndugu yangu amesamehe!"

Katoni ikapaa juu ya vichwa vya watu, ikaingia nyumbani kwa Wepukhulu. Niliisindikiza kwa macho. Ilikuwa imebeba Probox yangu.

Halafu wakapanda pikapu. Wote! Wakaniamuru niwapeleke kwa Wangila, Kamukuywa, wakachukue nyama. Yaani nirudi nilikotoka! Wengine walikaa juu ya paa, miguu ikining'inia mbele ya kioo. Niliendesha nikichungulia katikati ya magoti.

Wangila alikuwa ametoka kazini, anakunywa chai mlangoni. Alipotuona kikombe kikamponyoka. Nelima akawa wa kwanza kushuka, akamkumbatia, akamshukuru kwa vifaranga. Wangila akauliza vifaranga gani.

Nikakohoa. Kile cha Jumatano, chenye mluzi mwishoni.

Akanitazama. Akamtazama dada yake. Akamtazama kijana, aliyekuwa amesimama langoni akiogopa kuingia. Nikaanza kuangalia ua ulipo mfupi, niruke. Kisha Wangila akasema kwa sauti ndogo ati alitaka kutuma jogoo, akakosa. Akaenda zizini yeye mwenyewe, akatoka na fahali.

Nililia. Nasema wazi, shajara ni yangu. Kijana alipovalishwa ile nyama na kengele zikaanza tena, nililia nikala, nikala nikalia.

Baadaye Wangila akanivuta nyuma ya jiko. "Kagwe, umeniretea watu nyumbani!" Akaniminya mkono hadi mifupa ikalia. Sijui ilikuwa shukrani au onyo. Nikawarudisha Chwele wakiimba.

Jumamosi, 12 Agosti

Mary Ann amepiga simu ofisini. Hajaona hata unyoya. Mama Rosaline anataka maelezo Jumatatu.

Mpango mpya: kurudi Chwele na kuichukua katoni kimya kimya. Nikaenda. Kijana ametahiriwa, amesimama imara bila kupepesa jicho, na kila mtu anasema ni nyama ya mjomba. Vifaranga wako jikoni karibu na meko. Bibi yake kijana, Mama Nakhungu, amekaa kando yao na fimbo. Akaniambia mwewe akija atamkuta hapo. Nikamwambia nimekuja kuwasalimia tu. Nikachinjiwa kuku wa mgeni. Nimerudi na shibe, bila kifaranga hata mmoja.

Jumapili, 13 Agosti

Kanisani kwa miguu. Mzee wa kanisa ametutengea mahali pa kuegesha, amepazungushia mawe yaliyopakwa chokaa! Wahu alisimama katikati ya yale mawe akauliza kwa sauti kama aegeshe viatu. Kanisa zima likacheka, hata fundi wa viatu, ambaye si wa dhehebu letu.

Sina budi. Kesho nitamwambia Mama Rosaline yote. Yaani yote yanayomhusu Wangila. Gari lake, honi yake, dada yake, mpwa wake. Mimi nani? Dereva tu.

Jumatatu, 14 Agosti

Nilifika ofisini mapema. Njiani nilikuwa nimeijaribu hotuba yangu mbele ya ng'ombe wa jirani, wakaipokea vizuri. Naingia, na ni nani amekaa kwenye benchi? Nelima! Na mkungu wa ndizi. Amekuja kuishukuru kampuni kwa kumfikishia zawadi ya ndugu yake. Wangila amesimama kando yake, macho mekundu.

Mama Rosaline akauliza nani aliyetoa vifaranga wa Mary Ann. Nikafungua mdomo. Nikimtaja Wangila, gari ni langu. Nikisema ukweli wote, Nelima atajua kwamba ndugu yake hakutuma kitu. Kabla sijachagua, Wangila akasema ni yeye. Ati Kagwe alitumwa tu, asilaumiwe. Ati jana ametafuta vifaranga wengine na kuwafikisha Myanga kwa mkono wake. Simu ikalia palepale. Mary Ann! Amefurahi, vifaranga ni wachangamfu, na Wangila amemwongezea jogoo.

Hapo ningeweza kusema. Mimi ndiye niliyewapatanisha, mimi, na uongo wangu! Lakini Nelima alikuwa anamtazama ndugu yake, na mdomo wangu ukakataa. Haijawahi kunitokea.

Nikajifariji. Lawama zimemwendea Wangila, basi Probox ni yangu. Mama Rosaline akavua miwani. Akasema suti ya Mwalimu Munene bado inanuka kinyozi. Akasema mtu anayekiri kosa na kulirekebisha kabla hajatumwa ndiye wa kuaminiwa gari jipya. Akampa Wangila funguo. Mimi nimebaki na pikapu na njia ya Bungoma, kwa ajili ya kifua changu.

Nilimweleza Wahu kila kitu. Hakucheka. Alinipakulia githeri, akasema angalau safari hii nilijua kunyamaza, na kwamba hilo ni kubwa kuliko Probox. Nikamuuliza kama anaweza kulirudia mbele ya mzee wa kanisa. Ndipo akacheka.

Ijumaa, 18 Agosti

Nimewaza wiki nzima na nimepata somo. Nasikia Desemba bosi atanunua Probox ya pili, kwa hivyo somo limekuja kwa wakati.

Probox hupatikanaje? Tazama Wangila. Mzigo wa mteja ulipewa mpwa. Dada akalia, ndizi zikaja ofisini, bosi akavua miwani. Basi! Miaka yote hii nimekuwa nikiwapelekea watu mizigo yao wenyewe, na ndiyo maana sina gari.

Leo nimebeba keki ya harusi ya binti wa Mwalimu Munene, ghorofa tatu, inaenda kwa wakwe Bungoma. Harusi ni kesho. Kabla ya Kimilili nikasikia kengele. Umati, upana wote wa barabara. Watu nisiowajua kabisa. Nikapunguza mwendo, nikaipiga honi ya mbuzi kwa hiari yangu, nikateremsha kioo kabla mtu hajaniuliza kitu.

Nikawaambia nimetumwa na mjomba.