Kikohozi na Kigae Chekundu

Jumatatu, 3 Juni

Naandika nyuma ya karatasi zilizoharibika. Zipo tele. Dukani kwa mama mdogo karatasi ikiingia nzima kwenye printa ikatoka nzima, tunapeana mikono.

Printa yenyewe nimeibatiza Kikohozi. Ni mzee kuliko mimi, na mimi nina miaka kumi na saba. Akiwashwa hukohoa mara tatu, hutulia kama mtu aliyesahau alichotumwa, ndipo huanza kazi. Anaelewa waya tu. Waya wenyewe unatoka kwenye kompyuta ya chumba cha nyuma, unapita chini ya pazia, unamfikia hapa kaunta. Mambo ya simu hayajui. Alizaliwa simu bado hazijapata akili.

Leo Miwani, kijana mwenye duka ng'ambo ya barabara, kabandika tangazo: PRINTI KUTOKA KWENYE SIMU YAKO, BILA WAYA. Kwa rangi mbili. Wateja watatu wameingia kwetu na simu mkononi, nikawaambia walete flashi, wakavuka barabara. Wa nne, mshona nguo, nikamzuia mlangoni. Nikamwambia kafika kwa mtaalamu. Nikalaza simu yake kifudifudi juu ya kioo cha Kikohozi, nikabonyeza kitufe cha kutoa nakala. Ikatoka karatasi nyeusi tii, katikati alama ya kidole gumba changu. Akauliza kama hiyo picha ilipigwa usiku. Naye akavuka.

Jioni mama mdogo kaniweka chini. Kasema mwalimu mkuu anatafuta duka la kuchapa mitihani ya mwisho wa muhula, nakala mia tatu, na anaandika kila kitu kwenye simu tangu kompyuta yake ife. Kazi hiyo nikiileta mimi, nabaki kaunta. Nisipoileta, Jumatatu ijayo navaa sare na kurudi kidato cha pili nilikokimbia. Nikamsahihisha: sikukimbia, niliyapumzisha masomo. Kasema basi yameshapumzika vya kutosha.

Jumanne, 4 Juni

Nimegundua kitu! Simu yangu ina mahali pameandikwa "Tafuta printa". Nikabonyeza. Ikazunguka, ikazunguka, ikasema imeipata moja. Nikajua ni Kikohozi, kwa sababu dukani tunayo moja. Nikaandika maneno ya kujaribia, ya kwanza kunijia kichwani: "Miwani ana kichwa kama boga na hiyo miwani yake ni ya urembo tu." Nikatuma. Simu ikajibu kwamba imefaulu. Nikasimama mbele ya Kikohozi nimekinga mikono, dakika tano nzima. Hakukohoa hata kidogo.

Aliyetokea ni Miwani. Kavuka barabara taratibu, karatasi mkononi, kaisoma kwa sauti mlangoni petu mama mdogo akisikia. Kisha kashukuru kwa kuitumia huduma yake isiyo na waya, na kauliza nilitaka nakala ngapi.

Mama mdogo kamwomba radhi. Mimi kanitazama tu, nikaona ni heri angenipiga.

Ila ni ya urembo kweli. Nimeshaichungulia.

Jumatano, 5 Juni

Bibi, mama yake mama mdogo, amekuja kupumzisha magoti. Anashinda nyuma ya pazia akicheza karata kwenye kompyuta, na akishindwa anaitukana. Leo nimemlilia shida yangu. Akaniuliza, bila kuacha karata zake, kwani mtu akiituma barua yake kwenye simu ya duka, na yeye Bibi akiichomeka simu hiyo kwenye kompyuta, si itatoka? Nikamwambia hilo ndilo nililotaka kusema. Akasema, "Najua, mume wangu. Ulikuwa umelishikilia mdomoni."

Kuna tatizo dogo. Tundu la kompyuta limelegea. Waya wa simu unashika pale tu ukiubana kwa vidole viwili, ukiuinamisha kushoto, ukipumua kwa adabu. Mama mdogo alishalikatia tamaa. Bibi amefuma masweta miaka hamsini. Vidole anavyo.

Lakini nani avuke barabara kufuata waya ulioshikwa na kikongwe? Hapo ndipo nilipotia akili yangu. Nimebandika tangazo: HAPA PIA BILA WAYA. TENA ZAIDI.

Mteja wa kwanza alikuwa mkunga, na orodha yake ya zamu. Akaituma kwenye namba ya duka, kisha akaanza kunyoosha shingo kuchungulia pazia. Ikabidi nimsogeze. Sakafu yetu ina vigae vya kijivu, isipokuwa kimoja chekundu ambacho mama mdogo alizibia pengo. Ukisimama hapo huoni nyuma ya pazia. Nikamwambia mawimbi ya printa yanashuka juu ya kigae chekundu. Asimame hapo, ainue simu juu, asitikisike.

Akainua. Bibi akabana. Kikohozi akakohoa mara tatu. Orodha ikatoka.

Mkunga kasema ameona mengi katika kazi yake, ila hili ni jipya.

Alhamisi, 6 Juni

Foleni! Mpaka kwa muuza viatu!

Seremala kavua viatu kabla ya kukanyaga kigae. Sikumwomba. Wawili wamebishana kama ni mkono wa kulia au wa kushoto, nikaamua kulia kwa barua za kazi, kushoto kwa mambo ya nyumbani. Mshona nguo wa Jumatatu karudi. Kampendekezea mwenzake asimame kwa vidole vya miguu akiinua simu, eti inawahi. Na kweli iliwahi. Sijui kwa nini.

Bibi kadai ujira. Kila karatasi kumi namkanda magoti dakika tano. Nimeukanda mguu wa kulia mpaka kidole gumba kimekufa ganzi. Kasema mume mwenyewe mvivu, lakini hana mwingine.

Saa tisa kaja Miwani kupeleleza. Nikampandisha kigaeni kama mteja yeyote. Katuma ukurasa, kainua mkono, kapata karatasi yake. Kaigeuza pande zote mbili, kaondoka bila kuaga. Baadaye nimemwona dukani kwake amepiga magoti, anapima sakafu kwa rula.

Naandika haya huku nacheka peke yangu. Sare iliwe na nondo.

Ijumaa, 7 Juni

Mwalimu mkuu kafika saa nane. Suti, tai, jasho. Kasema amesikia habari za kigae na hataki kuuliza sana. Anatuma mtihani wake wa Jiografia na mwongozo wa kusahihisha, tumtolee nakala moja ya mfano. Ikimridhisha, nakala mia tatu ni zetu. Kaniuliza pia mimi si yule aliyekuwa akikaa dirishani. Nikasema watu wanafanana.

Akasimama juu ya kigae. Akainua simu. Kimya.

Nikamwomba apandishe kidogo. Akapandisha. Kimya. Nikamwomba ainue na kisigino. Mama mdogo kwenye kaunta alikuwa anapanga kalamu ambazo zilishapangwa.

Nikajipenyeza nyuma ya pazia. Bibi alikuwa amelala fofofo, kichwa kwenye kibodi, waya umechomoka. Faili zote mbili zilikuwa zimeshaingia kwenye kompyuta, kwa hiyo nikabonyeza printi mwenyewe. Haikuitika. Nikabonyeza tena. Nikabonyeza, kwa jumla, mara tisa. Nilikuwa naenda ya kumi umeme ukakatika mtaa mzima.

Nikatoka. Mwalimu mkuu alikuwa bado ameinua mkono, taa zimezimika. Nikamweleza kwamba mawingu yamekaa vibaya. Akasema atarudi kesho saa tano, na kwamba ng'ambo kuna kijana ambaye hategemei mawingu.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi duka limejaa wanafunzi. Kalamu, rula, vifutio vya mitihani ya Jumatatu. Saa tano kasoro umeme ukarudi. Bibi akawasha kompyuta acheze karata.

Kikohozi akakohoa mara tatu.

Sikumjali. Nilikuwa namhesabia mtu chenji. Kisha akaanza kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Kumbe zile mara tisa za jana alikuwa amezisikia zote, kazitunza, katulia nazo usiku kucha. Karatasi ya kwanza ikatelezea mkononi mwa kijana mmoja mrefu. Akasoma kwa sauti: "Jiografia, Kidato cha Pili. Swali la kwanza: Eleza sababu nne za milima ya volkano." Ikatoka ya pili. Ya tatu. Kisha ukaanza kutoka mwongozo wa kusahihisha.

Nikajirusha juu ya Kikohozi kwa tumbo. Akaendelea kutoa chini yangu, karatasi moja ya moto kwenye kitovu. Kijana mmoja akapanda kwenye kigae chekundu, akainua mkono, akaomba na ya Hisabati. Nikauvuta waya kwa nguvu zangu zote. Ukaja na pazia.

Wote wakamwona Bibi, waya wa simu mkononi, miwani puani. Bibi akawaamkia, akauliza nani anafuata.

Mlangoni alikuwa amesimama mwalimu mkuu. Saa tano kamili. Mwalimu ni mwalimu.

Yaliyofuata nayafupisha. Mama mdogo kauliza kwa nini sikusema tu, "Tuma hapa, tutakuchapia." Nani aliomba muujiza? Miwani alikuja kutazama, kachungulia waya kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha kapumua. Nadhani alikuwa ameshanunua kigae.

Mwalimu mkuu kakaa kwenye kiti, kachoka. Kasema itabidi atunge mtihani upya. Bibi kamshika bega, kamwita mwanangu, kamwambia autume Jumapili, yeye Bibi auchape mwenyewe mlango umefungwa, na nakala zote azikalie mpaka zije kuchukuliwa. Mwalimu mkuu kamtazama, katazama vidole vyake, kakubali.

Kwa hiyo kazi imepatikana! Nikampongeza mama mdogo. Akanikumbusha maneno yake: nikiileta mimi. Ameileta Bibi. Bibi anachukua kaunta. Sare imeshafuliwa, ipo kwenye kamba.

Jumapili, 9 Juni

Nimekatazwa kukaribia duka. Nasikia Kikohozi akikohoa upande wa pili wa ukuta, na Bibi akimsemesha taratibu.

Haidhuru. Ile karatasi ya kwenye kitovu ilibaki ndani ya shati, na ilikuwa ya majibu. Nimeikariri tangu asubuhi. Mtu aliyechoka vile hawezi kubadilisha mengi, atazungusha namba tu. Mama mdogo kapita, kaniona nasoma, kasimama. Karudi na chai. Kidogo nione haya.

Jumatatu, 10 Juni

Sare inanibana makwapa.

Mtihani wote ulikuwa wa mito. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa volkano, na jitihada ya mtu haitupwi hivihivi. Nikaandika volkano, ila nikaiweka kando ya mto.

Baada ya mtihani mwalimu mkuu kaniita ofisini. Nilifikiri ni fimbo. Kumbe alitaka nibebe madaftari. Na pale, juu ya kabati, chini ya kitambaa, nikamwona. Printa! Mkubwa, wa rangi ya meno ya mvuta sigara, mzee hata kuliko Kikohozi. Nikauliza. Mwalimu mkuu kasema hafai tena, ana waya tu, na kompyuta ya kumchomeka imekufa. Simu yake haimpati.

Nikainama nikakagua sakafu ya ofisi. Saruji tupu, kijivu kila pembe. Nikamwambia mwalimu, kwa heshima, kwamba nimeshaona tatizo lipo wapi.

Kasema nitoke.

Nimetoka, lakini neno nimeliacha humo. Atalitafakari. Jioni nimepita dukani kumwamkia Bibi, nikamkuta anasinzia. Kigae chekundu kilikuwa kimeshikwa na saruji pembe moja tu. Sasa hivi kipo chini ya kitanda changu, nimekifunga kwenye sweta.