Farasi Mia Tatu na Arobaini Kwenye Kilima cha Kanisa

Jumatatu, 16 Januari

Nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri. Nimedharauliwa nyumbani kwangu, mezani kwangu, juu ya kahawa yangu mwenyewe!

Binti yangu Vuokko anaolewa Jumamosi. Atakayempeleka kanisani anajulikana: baba yake, katika gari la baba yake. Jeusi, refu, nguvu za farasi mia tatu na arobaini, na zote zinakwenda magurudumu ya nyuma. Nimelinunua Juni. Majira yote ya joto limenitii kama mbwa.

Basi leo Reijo, baba wa bwana harusi, mpeleka barua wa kijiji chetu kizima cha Kivilampi, akatafuna andazi la iliki mpaka likaisha, kisha akatangaza kwamba bibi harusi atapanda naye. Katika kigari chake cha posta! Nikamuuliza langu lina kasoro gani. Akasema, "Mzazi mwenzangu, farasi wako wote wako nyuma. Wanasukuma tu, njia hawaioni."

Wakacheka wote. Hata mke wangu Sirkka, na Sirkka hacheki ovyo. Mara ya mwisho ni nilipoanguka kutoka paa la sauna.

Vuokko akakata shauri. Ijumaa nipande Kilima cha Kanisa na kushuka mara tatu bila kuserereka, atapanda na mimi. Nikishindwa, atakwenda na posta. Binti yangu, kama kifurushi!

Jumanne, 17 Januari

Mazoezi. Dakika arobaini za kutoka uani. Sijatoka.

Nilikanyaga mafuta, magurudumu yakazunguka, gari likabaki palepale. Nikakanyaga zaidi, farasi wengi wa nini kama hawatumwi? Yakachimba theluji, yakachimba barafu, yakafikia majani ya mwaka jana. Kisha yakashika ghafla! Gari likaondoka, lakini si kwenda mbele. Lilikwenda kiubavu! Miaka hamsini na minne duniani na sikujua kwamba gari huweza kwenda kiubavu.

Sanduku letu la barua halipo tena.

Na nani akatokea dakika hiyohiyo? Reijo, na barua mkononi. Akatazama nguzo iliyolala, akanitazama, akauliza kwa upole kabisa, "Nikuwekee wapi?"

Jumatano, 18 Januari

Nimegundua siri! Gari hili ni jepesi nyuma. Linataka uzito juu ya magurudumu yanayosukuma. Wenye akili hutia mifuko ya mchanga kwenye buti. Mchanga wangu umeganda rundo zima, hauchimbiki hata kwa sururu. Nikatia viazi magunia mawili. Havikutosha. Nikawaza ni kitu gani kizito kilichopo nyumbani ambacho hakijaganda.

Mama mkwe!

Mama Hilkka ana miaka themanini na mmoja na mwili wake ni wa kutosha. Nikamwambia tunakwenda kununua maandazi. Nikamkalisha kiti cha nyuma, katikati kabisa, nikamfunga mkanda. Ajabu! Gari likashika barabara. Tukapanda nusu ya Kilima cha Kanisa kama treni. Nilianza kuimba.

Hapo Mama akasema nyuma anasikia kichefuchefu, anataka kuhamia mbele. Nikasimama ahame. Kosa! Kwenye barafu, katikati ya kilima, husimami! Tulipotaka kuondoka, gari likakataa, likarudi nyuma polepole, likaanza kuzunguka kama sinia. Niliona kanisa, msitu, kanisa, msitu. Nilikuwa nimefumba macho na bado niliona. Tukatulia mbele ya lango la makaburi.

Nikageuka nikijua nimemuua mama wa mke wangu. Alikuwa anacheka machozi! Akasema, "Turudie, mwanangu."

Kisha akanipa habari iliyonikata maini. Ujana wake aliendesha lori la maziwa, la magurudumu ya nyuma, majira tisa ya baridi mfululizo, na jioni lilirudi tupu, jepesi nyuma. Miaka thelathini nimekula naye meza moja na hakuna aliyenidokeza! Akautazama mguu wangu wa kulia akauliza, "Huo mguu, Taisto, au gogo?"

Alhamisi, 19 Januari

Mama Hilkka amenipeleka kwenye ziwa lililoganda, ambako barabara hupita juu ya barafu, kunifunza. Mimi, kufunzwa!

Anasema mafuta yakanyagwe kama unakanyaga mkia wa paka aliyelala na hutaki aamke. Uondoke na gia ya pili. Mkia wa gari ukikimbilia kulia, usukani nao uende kulia, macho yabaki unakotaka kufika, na breki uiache kabisa. Akakaa mwenyewe kwenye usukani kunionyesha. Bibi wa miaka themanini na mmoja, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi! Gari likachora duara juu ya barafu, kubwa, laini, mkia nje, kana kwamba linacheza tango. Nilibaki mdomo wazi mpaka meno yakauma kwa baridi.

Wivu ni kitu kibaya. Zamu yangu ilipofika nikazima kile kitufe kinachozuia gari lisiserereke, ili naye aone. Akaona. Mchungaji atakayefungisha ndoa naye akaona. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anavua samaki katika tundu alilotoboa kwenye barafu. Tulipita karibu naye mara tatu, kila mara tukitazama upande tofauti. Kigoda tuliondoka nacho. Mchungaji tulimwacha salama, amesimama, ndoano mkononi.

Hakunilaani. Alisema tu kwamba tutaonana Jumamosi, Mungu akipenda, na hilo la Mungu akipenda alilivuta sana.

Ijumaa, 20 Januari

Siku ya mtihani. Joto limepanda hadi sifuri, mvua imenyesha juu ya barafu. Kilima kilimeta kama kioo. Reijo alisema tuahirishe, siku hii hata posta inakwenda kwa miguu. Nikasema anaogopa.

Kupanda mara ya kwanza: mkia wa paka. Nikashuka. Kimya! Mara ya pili vilevile. Nilimwona Sirkka ameshika mkono wa Vuokko, na wote wawili wanatabasamu. Niliwahi kuwa na furaha kiasi hicho? Sikumbuki.

Mara ya tatu, karibu na kilele, Reijo akaniinulia kidole gumba. Baadaye watu walinieleza alikuwa ananipongeza. Mimi niliona kejeli. Nikamkanyaga paka kwa nguvu zangu zote.

Mkia ukapita mbele. Nikakumbuka usukani, nikasahau upande. Nikakumbuka kwamba breki haikanyagwi, lakini nilikuwa nimeshaikanyaga. Tukashuka kinyumenyume, mimi na viazi, tukazama kwenye lundo la theluji lililosukumwa na greda la barabara mpaka madirishani. Giza. Kimya. Nikasikia makucha.

Alikuwa Vuokko, anafukua kwa mikono mitupu. Uso wake ulipotokea kwenye kioo ulikuwa umelowa. Hakunicheka. Aliuliza, "Baba, u mzima?" Nikasema mzima. Akanipiga ngumi begani, akanikumbatia, akanipiga tena. Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Nilisema aende na posta.

Jumamosi, 21 Januari

Nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri. Greda lilikwisha kulitoa gari kwenye theluji. Hakwenda na posta!

Vuokko alisema atapanda gari la baba yake, na baba atakuwemo, ila usukani atashika bibi. Reijo akakubali mara moja. Kigari chake hakina joto, na gauni ni jepesi. Mama Hilkka akavaa glavu zake nyeupe. Vuokko akakaa mbele. Mimi nyuma, katikati, nimefungwa mkanda, magunia ya viazi kwenye buti nyuma yangu.

Tulipanda kilima bila hata kutikisa shela. Kengele zilikuwa zinalia. Mchungaji alituona tunakuja, akarudi ndani ya mlango. Alipoona ni nani anayeendesha, akatoka tena.

Nilimshika mkono binti yangu mpaka madhabahuni. Nililia. Reijo alilia kunishinda, na hilo nitalikumbuka.

Jumapili, 22 Januari

Nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Mchana, mtaroni.

Nimetafakari mafanikio ya jana. Gari lilishika barabara kwa sababu ya uzito uliokaa mahali pake, yaani mimi. Kwa hiyo aliyelipandisha gari ni nani hasa?

Asubuhi kigari cha Reijo kiligoma kuwaka. Nikajitolea kukivuta. Alikataa mara mbili. Nikafunga kamba, nikamwambia, "Tulia, mzazi mwenzangu, sasa utawaona farasi," nikakanyaga.

Gari langu limo mtaroni. Lake liko juu ya langu, kidogo. Tumekaa kiti cha nyuma cha gari langu pamoja tukingoja greda, maana kwake hakuna joto. Amenipa mgongo, lakini andazi langu amelikubali.

Nimemweleza kosa liko wapi. Nguvu hazikutosha. Kuna mtu mjini Oulu anauza lenye farasi mia tano, nimeshampigia. Nalo ni la magurudumu ya nyuma.