Jimi Hataki Kukaa Ndani

Jumatatu, 7 Aprili
Mvua tangu alfajiri. Jimi, mbwa wa marehemu baba, kala kiatu kingine. Akimaliza analala mlangoni, pua nje, anahema kama mfiwa. Ni kweli amefiwa. Hata mimi.
Dada Konsolata kapiga simu kutoka Mogitu. Nimempa shikamoo, marahaba yake ilikuwa fupi. Kasikia mbwa ananyong'onyea huku Nangwa. Jumamosi anakuja kumchukua. Nimesema Jimi ana furaha tele. Jimi akalia palepale, simuni.
Simtoi. Ng'ombe tumegawana, shamba tumegawana. Wa baba aliyebaki kwangu ni huyu tu.

Jumanne, 8 Aprili
Mpango! Mbwa anahitaji kazi, na kazi inafanyika hata ndani, pakavu. Nimeficha vipande vya nyama sebuleni avitafute: chini ya mkeka, nyuma ya redio, ndani ya gunia la maharage.
Kavipata vyote. Maharage yamefika mpaka chumbani. Mke wangu Oliva kauliza, kwa upole, nyama ya mboga imekwenda wapi. Upole wa Oliva nauogopa sana.

Alhamisi, 10 Aprili
Leo magunzi. Narusha, Jimi anatazama. Narusha tena, nafuata mwenyewe. Oliva kasema angalau mmoja wetu kapata mazoezi.
Baba hakurusha magunzi. Mvua ikianza tu, alikunja gunia likawa kofia ya kufunika mpaka mgongoni, jembe begani, huyo shambani kuzibua mifereji, maji yasibebe udongo. Jimi mbele, akikwaruza palipoziba. Walirudi wamelowa wote wawili, wakakaa motoni wakitoa mvuke. Nyumba nzima ilinuka mbwa na moshi, nami nikilalamika. Leo ningetoa mbuzi niinuse tena harufu ile.
Lakini shambani kuna matope, na kifua changu si kizuri.

Jumamosi, 12 Aprili
Maji yameingia kwenye mahindi. Oliva kasema niende mimi au aende yeye, na akienda yeye, chakula nisimuulize. Nikachukua jembe na gunia la baba.
Jimi kaniona na gunia kichwani, akasimama. Kisha kanirukia kifuani, analia, akatangulia njia. Kila palipoziba alikwaruza na kunigeukia. Nimelia kidogo. Mvua ilinisitiri.
Dada katukuta na matope mpaka masikioni. Katazama gunia, katazama mbwa, kafuta macho kwa kanga. Kasema basi, Jimi abaki. Ila akisikia mbwa hapelekwi shambani, anarudi siku hiyohiyo.

Jumatatu, 14 Aprili
Mvua tena. Jimi mlangoni. Nimefikiri sana, nimeelewa: kinachomfurahisha ni mfereji, wala si shamba. Basi mfereji uje nyumbani!
Nimechimba mmoja kando ya baraza, chini ya bati, nimekaa kwenye kigoda. Sikulowa hata tone. Maji yakageukia sebuleni.
Oliva yuko juu ya meza. Jimi anapiga mbizi kati ya viti, mkia juu, sijamwona na raha hivi tangu baba aondoke. Simu inaita, ni dada. Nitamwambia mbwa yuko kazini.
Kesho nachimba mfereji wa jikoni.